Kabla hujahama QWERTY, andika "kupika"

Kazi yangu ni kusikiliza rekodi za mikutano na kuziandika neno kwa neno, kwa Kiswahili, kutwa nzima. Ilifika mahali vidole vya mkono wa kulia vikawa vinakakamaa kila jioni, hata kufunga kifungo cha shati ikawa shughuli. Nilianza na yaliyo rahisi: nikapandisha kiti mpaka viwiko vikalingana na meza, nikaacha kuegemeza viganja kwenye ukingo. Anza hapo na wewe. Na kama vidole vinakufa ganzi, mwone daktari kwanza. Kubadili mpangilio wa herufi kwenye kibodi, ninakokueleza hapa, si dawa.

QWERTY tuliyoizoea, yaani mpangilio wa herufi wa kibodi za kawaida, ilitokana na mashine za kupiga chapa za miaka ya 1870. Kwenye mstari wa kati, pale vidole vinapopumzikia, irabu iliyopo ni A peke yake. E, U, I na O zote ziko juu, na Kiswahili hakiendi hatua mbili bila irabu. Ndiyo maana vidole vyangu vilikuwa vinapanda na kushuka siku nzima.

Mipangilio mbadala ni mingi, ila miwili ndiyo utakayoikuta kwa urahisi. Dvorak, uliopewa hataza mwaka 1936, umeziweka irabu zote tano mstari wa kati, upande wa kushoto. Colemak, wa mwaka 2006, umehamisha vitufe 17 tu vya QWERTY, na A, E, I na O zikapata nafasi mstari wa kati.

Usichague kwa kusoma sifa, maana nyingi zimepimwa kwa Kiingereza. Chukua maneno unayoyaandika kila siku, uyapige polepole juu ya meza tupu huku ukitazama picha ya mpangilio. Mimi nilinaswa na Dvorak kwa neno "ninatafuta": konsonanti mkono wa kulia, irabu wa kushoto, kulia, kushoto, hadi mwisho, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Nikahamia. Wiki ya tatu nikaandika "kupika". K, U, P, I, K: herufi tano mfululizo, zote za kidole cha shahada cha kushoto! Kinaruka chini, kati, juu, pembeni, chini tena, ndipo kidole kidogo kimalizie A. Sasa hesabu mwenyewe kwa siku unaandika "ku" na "ki" mara ngapi.

Colemak nao una kasoro zake. M, L, N na K zote ni za shahada ya kulia, kwa hiyo "mlango" na "mkono" bado vinanikwaza. Nimeuchagua hata hivyo, kwa sababu "ku" inagawanywa kwa vidole viwili, na Z, X, C na V hazikuhama, kwa hiyo kunakili na kubandika kumebaki palepale.

Kuuweka ni kazi ya dakika mbili. Kwenye Windows fungua mipangilio, ingia sehemu ya muda na lugha, chagua lugha unayotumia, ongeza kibodi. Ya zamani usiifute. Kitufe cha Windows pamoja na kile cha nafasi vitakubadilishia. Colemak umo kwenye matoleo mapya ya Windows 11. Kwa ya nyuma utaupakua. macOS na Linux zina mipangilio yote miwili.

Usibandue vitufe wala kubandika stika. Jicho likipata pa kuchungulia, kidole hakijifunzi. Chapisha picha, uiweke chini ya skrini. Vile vinundu vya F na J bado vipo, ila kwa Colemak sasa ni T na N.

Fanya mazoezi dakika 20 kila siku, kabla ya kazi. Kazi yenyewe niliendelea nayo kwa QWERTY mpaka nikafika maneno 25 kwa dakika kwa mpangilio mpya, ndipo nikauacha ule wa zamani kabisa. Wiki mbili zilizofuata sizitamani tena. Akili ikisahau, vidole vinarudi kwenye njia yao ya zamani, na "habari" inatoka "habapu". Kuna mteja ameshapokea "habapu za asubuhi" kutoka kwangu, na hakuuliza.

Jambo la mwisho ni nywila. Vidole vinaikumbuka kwa mahali, si kwa herufi, na pale kwenye skrini huoni ila nukta. Kabla hujazima kompyuta, iandike mahali inapoonekana, kwa mpangilio mpya, kisha uifute. Na ukiwasha, tazama kwanza alama ya kibodi pembeni. Mimi nilijaribu mara sita asubuhi ya kazi, nikaamini nimeisahau kabisa, kumbe skrini ya kuingilia ilikuwa bado kwenye QWERTY.