Dar hadi Mwanza kwa ndege: piga hesabu hivi

Mimi hupima kwa uzi. Nautandaza juu ya ramani kutoka Dar hadi Mwanza, kisha naulinganisha na kipimo cha pembeni: kama kilomita 850. Usitumie zile za basi. Barabara inazunguka Dodoma na Singida, inapita 1,100.

Ndege ya jeti, gawa kwa 800 halafu ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Unapata saa moja na nusu hivi. Ya mapanga, gawa kwa 500.

Ila hesabu ngumu ni ya Mbagala hadi uwanjani! Ndege ikiwa saa 4 asubuhi, mama yangu namtoa nyumbani saa 11 alfajiri, chai kwenye chupa.