Maporomoko ya ardhi: jipangeni mapema na majirani wa juu

Desemba 3, 2023, siku ya Jumapili, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Matope, mawe na magogo vilishuka hadi mji wa Katesh, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Hanang ni mkoa wa Manyara, lakini sisi wa Kondoa ni majirani, na miteremko yetu ya Irangi nayo ni mikali.

Mimi ni bibi shamba mstaafu na mjumbe wa kamati ya maafa ya kijiji. Ninachokisisitiza kila kikao ni kwamba tahadhari ianzie kwa walio juu yenu kwenye mkondo wa maji, hata wakiwa wilaya au mkoa mwingine. Mto Bubu unatoka nyanda za juu za Manyara, unapita Kondoa na Chemba, unaishia kwenye kinamasi cha Bahi. Aliye juu huona kwanza. Asipopiga simu, aliye chini anakutwa amelala.

Kazi ianze Oktoba, maana mvua zetu ni msimu mmoja, kama Novemba hadi Aprili. Pandeni mlimani pamoja na wazee, wawaonyeshe palipowahi kuporomoka. Mahali hapo hapafai kujengwa, hata kama pamekaa kimya miaka mingi. Huko Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon nchini Uganda, maporomoko yaliua watu 2010 na yakaua tena 2018. Tazameni miti iliyoinama upande mmoja, chemchemi iliyotokea pasipokuwa na maji, mlango wa nyumba ulioanza kukwama bila sababu. Zaidi ya vyote, tafuteni nyufa.

Mkipata ufa, msiishie kuutazama. Gongeni kigingi cha mti mgumu kila upande, hatua moja kutoka ukingoni ili kisianguke nao. Pigeni msumari kichwani mwa kila kigingi, kisha pimeni kwa futi kamba kutoka msumari hadi msumari. Andikeni tarehe na kipimo kwenye daftari, na apime mtu yuleyule kila wiki. Mvua ikikolea, kila siku kukiwa na mwanga, na asiende peke yake. Nafasi ikiongezeka huku mvua inanyesha, msiitishe kikao. Kaya zilizo chini zihame siku hiyohiyo.

Ufa huingiza maji ndani, udongo unakuwa mzito na unateleza. Kwa hiyo uzibeni kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na juu yake chimbeni mfereji wa kuyapeleka maji pembeni, yasiangukie kwa jirani. Hapa nawaomba sana wakulima wenzangu wanielewe. Naamini matuta, kwani mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza 1973, ulitufundisha Kondoa namna ya kuokoa udongo. Lakini tuta la kukusanya maji juu ya mteremko wenye ufa ni hatari.

Sasa majirani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji, itumieni. Mtendaji wa kijiji aandike barua kwa mwenzake wa kijiji kilicho juu kwenye mkondo, mkutane kabla ya mvua mkiwa na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa mkononi, na muhtasari uende wilaya zote mbili. Kila kijiji kitoe watu wawili wa kupokea simu. Mmoja awe mama anayelala nyumbani kila siku, si kiongozi anayeshinda safarini. Namba ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni mwa ofisi, kwa sababu simu huzima. Ujumbe uwe mfupi: "Korongo la juu limejaa matope na magogo, saa mbili usiku, tokeni." Anayeiona hatari asisubiri kibali cha mtu yeyote.

Kuna dalili moja ambayo kila mtoto aijue: mvua inaendelea lakini maji ya korongo yamepungua ghafla. Huenda kuna kizuizi huko juu, na kikiachia, kinakuja chote kwa mkupuo.

Kipaza sauti cha msikiti kinafaa kuamsha watu, ila umeme ukikatika hakisikiki. Wekeni filimbi na mbiu. Njia ya kukimbilia ipande pembeni kuelekea mgongo wa kilima. Kufuata korongo kwenda chini ni kukimbizana na matope. Fanyeni zoezi usiku, na kila mzee na mlemavu awe na mtu aliyetajwa kwa jina wa kumchukua.

Mkifika mahali pa kukusanyika, balozi wa nyumba kumi ahesabu kaya zake kwa daftari, kisha piga 114, Zimamoto na Uokoaji. Msirudi kuchukua mali siku hiyo, kwani wimbi la pili la matope huweza kufuata la kwanza. Nyumba zilizo njiani mwa korongo zisirudiwe mpaka wataalamu wa wilaya waukague mteremko.