Jinsi ya kumuunda mhusika anayeaminika kwa kuangalia watu wa kweli, hatua kwa hatua

Mi naandika hadithi fupi na michezo ya redio, na vijana wanaoanza huwa wananiletea kazi zao nisome. Shida naiona ni ileile kila mara, mhusika tumeambiwa ni mkali, au ni mpole, au ana roho mbaya, halafu basi, hakuna sehemu tunamwona akiwa mkali. Kwahiyo leo naandika vile navyofanya mwenyewe, chukua kitakachokufaa.

Hatua ya 1: Chagua sehemu moja, uizoee na ikuzoee

Usizunguke mji mzima. Mi nina benchi langu kwa mama ntilie mmoja huku Temeke, nakaa pale Jumanne na Alhamisi, saa moja asubuhi mpaka saa tatu. Siku ya kwanza watu wanakuangalia wewe, wiki ya pili wameshakusahau, hapo ndo wanarudi kuwa wenyewe. Agiza chai, kaa. Kijiwe cha kahawa kinafaa, saluni ya kusuka inafaa sana, foleni ya kivuko cha Kigamboni pia. Mwendokasi ya jioni inayotoka Gerezani kwenda Kimara nayo ni nzuri ila utakuwa umesimama umebanwa huku na huku, huwezi kuandika, pale ni masikio tu.

Hatua ya 2: Ulichokiona kiandike, ulichofikiri kiweke pembeni

Kazi yenyewe iko hapa, ukiruka hii hatua zingine zote hazikusaidii. Chukua daftari, piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto unaandika macho na masikio yalichopata, kulia unaandika maoni yako. "Ana huruma" ni maoni, hiyo inakaa kulia.

Nikupe mfano. Yule mama ana daftari la madeni, daftari la kawaida la shule amelifunga na mpira. Wateja hajawaandika majina, kaandika "Boda mrefu", "Baba kofia", "Wa gereji". Asubuhi moja Boda mrefu kaja, deni lake limeshajaza nusu ukurasa, nikajua leo anafokewa mbele za watu. Mama hakusema neno. Akachukua upawa, akasukuma mifupa pembeni mwa sufuria, akamtolea mnofu wa maana, akaweka na chapati mbili. Halafu akafuta mikono kwenye kanga, akafungua daftari palepale mbele yake, akaandika polepoleee huku kijana anaangalia kalamu inavyotembea, supu inapoa.

Kulia niliandika "huruma", nikafuta. Nikaandika "anamwaibisha", nikafuta pia. Yote mawili yamo, na mtu mwenye yote mawili kwa wakati mmoja ndo mhusika. Ningeandika "mama mwenye huruma" siku ile ningepoteza upawa, ningepoteza mpira wa daftari na ule uandishi wa taratibu, ningebaki na mama wa kwenye tangazo.

Hatua ya 3: Angalia mikono na sehemu pesa inapokaa

Sura watu wamezoea kuitunza, mikono wanaisahau. Nani anafunga pesa kwenye pindo la kanga, nani anaziweka ndani ya kava la simu, nani soksi. Konda anakunja noti kwa urefu anazibana katikati ya vidole. Mzee akitoa elfu kumi anaipapasa kwanza, isije ikawa mbili zimegandana. Hiyo moja tu inakwambia mengi kuliko aya nzima ya "alikuwa maskini".

Hatua ya 4: Sikiliza maneno anayorudia na anayoyakwepa

Lafudhi tuende nayo taratibu, kumfanya kila mhusika kutoka Pemba au Kanda ya Ziwa awe kichekesho cha matamshi ni kuwakosea watu, neno moja mawili yanatosha. Sikiliza simu za watu. Baba mmoja kwenye daladala anasema "nishafika Tazara hapa" na gari halijatoka Gongo la Mboto, uongo wa kawaida huo kila mtu anausema, lakini yeye akishakata simu anabaki kaishika mkononi anaitazama tu mpaka kioo kinazima. Andika hiyo.

Usirekodi mtu wala kumpiga picha bila kumwambia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ila hata isingekuwepo, ni utu tu.

Hatua ya 5: Changanya watu, usimbebe mtu mzima mzima

Hili nimejifunza kwa kuumia. Zamani nilimchukua jirani yangu kama alivyo, kazi yake, ugomvi wake na mumewe, mpaka rangi ya mlango, nikabadilisha jina tu. Hadithi ikamfikia. Hakunigombeza, ila aliacha kuniitikia salamu mpaka alipohama, na mpaka leo roho inaniuma.

Sa hivi nachukua mikono ya huyu, sauti ya yule, shida ya mtu wa tatu, halafu nabadili kazi, umri, hata jinsia. Yule mama kwangu amekuwa fundi cherehani wa kiume wa Tanga, mdaiwa wake akija anamshonea suruali kwa uzi mzuri kuliko wote dukani, kisha anafungua daftari.

Hatua ya 6: Mpe kitu anachokitaka leo hii

Sio ndoto ya maisha. Leo, kabla ya magharibi. Fundi wangu anataka elfu thelathini ya kodi ya fremu, na aliyenayo ni yule mdaiwa. Ukishaweka hivyo wanaanza kuongea wenyewe.

Hatua ya 7: Futa majina

Chukua ukurasa wa mazungumzo, futa majina yote, mpe mtu asome kwa sauti akwambie nani anaongea wapi. Ya fundi nilimpa dada yangu, akakosea sehemu mbili, zote mdaiwa anapoongea, maana yule nilimtunga tu kichwani sikuwahi kumsikiliza mtu. Alhamisi yake nikarudi benchini, nikahamia upande wa boda.