UFC 5: linda pumzi kwanza

Nyie mnaoanza UFC 5, ile gemu ya mapigano ya ngumi, mateke na mieleka, kwenye mabanda ya gemu huku Majengo, acheni kubonyeza vitufe ovyo. Tazameni ule mstari wa pumzi: ngumi inayokosa hula pumzi kuliko inayopata, na ukishaishiwa, kulazwa ni rahisi. Piga mbili, rudi nyuma, pumua. Kwenye pedi ya PS5, kitufe cha R2 kinakinga kichwa. Ukiongeza L2, unakinga mbavu. Hili lizoee mpaka vidole viende vyenyewe. Mieleka ya chini ina mambo mengi mno, iwekeni kando kwa sasa. Na kama unalipia kwa mechi, subiri banda lipoe umuombe mwenyewe akufungulie sehemu ya mazoezi. Wengi hawakatai.