Kusikiliza jazz kwa njia ya Clint Eastwood: anza na piano, maliza na Charlie Parker

Kwetu neno "jazz" lina kazi yake tayari: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, OK Jazz, yaani bendi za dansi. Jazz aliyoipenda Clint Eastwood, mwigizaji na mwongozaji filamu wa Marekani, tangu utotoni ni nyingine, na anayeingia humo akisubiri magitaa yachangamke atachoka kabla ya wimbo wa pili. Eastwood alizaliwa San Francisco mwaka 1930. Mama yake alileta nyumbani santuri za mpiga piano Fats Waller, na mwaka 1946 kijana huyo alimwona mpiga saksafoni Charlie Parker jukwaani Oakland. Filamu ya kwanza aliyoiongoza, "Play Misty for Me" ya mwaka 1971, ilibeba ndani ya jina lake wimbo wa mpiga piano Erroll Garner, "Misty". Ladha hiyo ndiyo tunayoifuata hapa, ila mpangilio ni wetu, tumeupanga kwa ajili ya sikio geni.

Kwanza weka kando spika ya simu. Noti ya chini kabisa ya besi kubwa ya kusimama ina takribani Hz 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), na spika ndogo hivyo haiwezi kuitoa. Besi ndiyo inayoshika mwendo wa mapigo. Ikipotea, utasikia piano na mwimbaji wakielea bila sakafu, kisha utasema muziki huu hauna mdundo. Hedifoni za waya za bei ya kawaida zinatosha. Zima kikuza besi pia, maana kinafunika pumzi za mwimbaji, na utazihitaji baadaye. Zima na ile sehemu ya programu inayochanganya mpangilio wa nyimbo (shuffle).

Sikiliza Fats Waller akiwa peke yake na piano, nyimbo mbili au tatu tu. Kaza sikio kwenye mkono wa kushoto: noti nzito chini kwenye pigo la 1 na la 3, kishindo cha noti kadhaa juu yake kwenye la 2 na la 4. Mkono huo ni besi na ngoma kwa pamoja. Ukiweza kuufuata kwa mguu mwanzo hadi mwisho bila kupotea, endelea.

Sasa "Misty" ya Garner. Tafuta ile ya 1954, kwa sababu aliirekodi zaidi ya mara moja. Wimbo una mafungu 32, kila fungu mapigo 4, jumla 128. Umegawanywa vipande vinne vya mafungu 8: A, A, B, A. Hesabu hivi: 1-2-3-4, 2-2-3-4, 3-2-3-4, mpaka 8-2-3-4, kisha kunja kidole kimoja. Kidole cha tatu ndicho B, pale sauti ya wimbo (melodi) inapochepuka na kwenda mahali pengine. Cha nne inarudi nyumbani.

Makosa ni mawili, na karibu kila mtu huyafanya. La kwanza ni kuanza kuhesabu mapema. Noti mbili za mwanzo za sauti yenyewe ni za kudokeza tu, na pigo la 1 linaangukia ile ya tatu, ndefu. Ukianza kwenye noti ya kwanza, hesabu yote itapinda na B itakufikia bila taarifa. La pili ni kuhesabu mara mbili ya kasi. Ukifika 8 na sauti bado iko katikati ya A, punguza mwendo nusu. Tena usimfuate Garner kwa mkono wake wa kulia: anauchelewesha makusudi, huku wa kushoto ukikwangua mapigo sawasawa kama gitaa la ridimu. Mguu wako uende na wa kushoto.

Kwa waimbaji, anza na Johnny Hartman. Eastwood alimtumia sana, pamoja na Dinah Washington, katika filamu yake ya mwaka 1995, "The Bridges of Madison County". Ila santuri ya kujifunzia ni ile aliyoimba na mpiga saksafoni John Coltrane mwaka 1963: nyimbo sita, takribani nusu saa, karibu zote za polepole. McCoy Tyner yuko kwenye piano, Jimmy Garrison kwenye besi na Elvin Jones kwenye ngoma.

Chukua "My One and Only Love", nao ni A A B A. Mzunguko wote wa kwanza, yaani A A B A moja nzima, ni saksafoni ya Coltrane na wapigaji wenzake, bila mwimbaji. Hartman anaingia baadaye. Wengi hudhani wamefungua wimbo usio na maneno na kuuruka. Usiuruke, kwa sababu mzunguko huo unakupa ramani bure. Hesabu vidole vinne, na cha nne kikikunjwa sauti ya Hartman inakaribia.

Rudia wimbo huo mara tatu. Mara ya kwanza fuata besi tu. Mara ya pili gonga mguu na uangalie maneno yanapoangukia: mengi hayakai juu ya pigo, yanakuja nyuma yake kidogo, kisha yanajikusanya mwishoni mwa mstari. Mara ya tatu sikiliza pumzi, anakata wapi na anaunganisha wapi. Ukimaliza, weka Dinah Washington. Yeye hukata neno kwa ukali na kulipeleka mbele. Baada ya Hartman, tofauti itakugonga bila kuambiwa. Mwimbaji mwingine, Billie Holiday, huchelewa kuliko wote wawili, kwa hiyo mwache hadi mguu wako uwe imara, la sivyo atakuvuta.

Parker ni wa mwisho, na hata hapo anza na "Now's the Time" ya 1945. Ni bluzi ya mafungu 12, mapigo 48, yanayozunguka tangu sauti ya mwanzo hadi solo zote. Noti zake zikikushinda kwa wingi, hesabu mapigo ya 1 na 3 tu. Muhimu ni kujua mzunguko mpya umeanza lini.

Hapo ndipo uitazame "Bird", filamu ya Eastwood ya mwaka 1988. Forest Whitaker, yule yule aliyekuja baadaye kumwigiza Idi Amin, ndiye Parker. Saksafoni unayoisikia kwa sehemu kubwa ni ya Parker mwenyewe: solo zake zilichomolewa kwenye rekodi za zamani, kisha wanamuziki wengine wakarekodi upya piano, besi na ngoma kuzizunguka. Kazi hiyo ilishinda Oscar ya sauti. Ila kwa kuwa wapigaji wengine ni wapya, usiitumie kujifunza jinsi wenzake wa miaka ya 1940 walivyopiga. Na ukisikia besi safi kabisa huku saksafoni ikiwa na vumbi la zamani, usibadilishe hedifoni.