Jinsi ya kuchambua filamu ya uhalifu kwa nadharia ya Sutherland

Mfano wetu ni Goodfellas ya Martin Scorsese (1990). Nadharia ni ya Edwin Sutherland, aliyeikamilisha kwa hoja 9 mwaka 1947: uhalifu hufunzwa kwa mawasiliano na watu wa karibu, na mtu huvunja sheria pale tafsiri (yaani mitazamo) zinazohalalisha kuivunja zinapozidi zile zinazopinga.

1. Tazama mara mbili. Mara ya kwanza usiandike kitu. Ya pili, chora jedwali la safu nne: dakika, mfundishaji, mwanafunzi, kinachofundishwa. Kwa insha ya maneno 1,500 matukio sita yanatosha. Ukizidisha utaishia kusimulia filamu.

2. Tenga mbinu na tafsiri. Hapa ndipo wengi huteleza. Kuuza sigara za wizi ni mbinu. Tafsiri ni jambo jingine: mtu aliyepigwa risasi anakuja akivuja damu, Henry, mhusika mkuu, bado kijana, anamfunga mkono kwa aprona, na Tuddy, mmoja wa wakubwa wa genge, anamkaripia kwa kuharibu aprona nane. Hapo hafundishwi kuiba. Anafundishwa kwamba huruma ni hasara. Tukio hilo fupi lina uzito kuliko mauaji yote yanayofuata.

Henry akikamatwa kwa mara ya kwanza, wakubwa wanampokea mahakamani kwa shangwe, kama aliyefaulu mtihani. Utavutiwa kuandika "thawabu". Ukiandika hivyo, wataje Burgess na Akers (1966), walioiongezea nadharia hii suala la thawabu, maana Sutherland hakujenga hoja yake juu ya thawabu.

3. Pima uhusiano. Vigezo ni vinne: marudio, muda, umri wa kuanza na uzito wa uhusiano. Henry anaanza mwaka 1955 akiwa bado shuleni. Usisahau upande wa pili wa mizani: barua ya shule inapofika kwa baba yake, genge linamtisha mleta barua, na sauti ya shule inazimwa. (Kwa hiyo "samaki mmoja akioza" si nadharia hii. Kukaa na wahalifu peke yake hakutoshi.)

4. Mweke Karen, mke wa Henry, katikati. Henry ana kasoro kama ushahidi: anatuambia mwanzoni kabisa kwamba siku zote alitaka kuwa jambazi. Mkosoaji atauliza alifundishwa na nani. Karen hana tatizo hilo. Anatoka nje ya genge, anakabidhiwa bastola yenye damu aifiche, kisha anaishi akizungukwa na wake wa wenzao tu. Baadaye sauti yake inasema mambo yale hayakuonekana kuwa uhalifu, kwamba Henry alikuwa mtafutaji tu. Nukuu sauti ya Karen ya mwanzo na hii ya baadaye, uziweke bega kwa bega.

5. Taja mpaka wa nadharia, aya moja. Watoto wengine wa mtaa ule waliona kituo kilekile cha teksi cha genge, ng'ambo ya nyumba ya Henry, na filamu haituambii kwa nini hawakuvuka barabara.