Somo: Kuigiza dharura ya mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua

Somo hili ni la walimu wa uuguzi na ukunga. Nimechagua dharura ya mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua kwa sababu mhitimu wa Uganda anaweza kukutana nayo mapema, usiku, katika kituo cha afya kisicho na daktari.

Hatua ya 1. Weka lengo moja linalopimika. Kwa mfano: mwanafunzi atambue kuwa damu imefika mililita 500, aite msaada, akande mfuko wa uzazi na atoe oksitosini (dawa ya kuukaza mfuko wa uzazi) bila kuchelewa. Ukiongeza kifafa cha mimba na mtoto asiyepumua katika igizo hilohilo, utakuwa unapima kumbukumbu tu.

Hatua ya 2. Chumba kifanane na wodi: plastiki ya kujifungulia, kanula (mrija mdogo wa kwenye mshipa), dripu, katheta (mrija wa mkojo), saa ya ukutani. Damu ni maji yenye rangi nyekundu ya chakula. Kabla ya kuanza, mwaga mililita 500 juu ya pamba na leso, kisha waambie wanafunzi wakadirie. Kwa kawaida hutaja pungufu, na kosa hilo hilo huchelewesha matibabu wodini.

Hatua ya 3. Gawa nafasi: kiongozi, msaidizi, anayeandika muda wa kila hatua na ndugu wa mgonjwa. Huyu wa mwisho asipuuzwe. Hapa Arua ndugu anaweza kuuliza kwa Kilugbara huku mkunga anajua Kiganda na Kiingereza tu, na mwanafunzi hana budi kujifunza kumtuliza bila kuondoa mkono juu ya tumbo la mama.

Hatua ya 4. Endesha igizo kwa dakika 10, nawe ukae kimya. Asiyepima shinikizo la damu asiambiwe ni ngapi. Kila agizo lirudiwe kwa sauti: kiongozi akiagiza mama asiye na kanula apewe oksitosini uniti 10 kwenye msuli, msaidizi aitaje tena dozi hiyo kwa sauti, na akishachoma aseme amechoma. Asidi ya traneksami (dawa ya kupunguza kutokwa na damu), gramu 1 polepole kwenye mshipa kwa dakika 10, itolewe ndani ya saa 3 tangu kujifungua, bila kungoja dawa nyingine zishindwe.

Hatua ya 5. Jadilini kwa muda ulio mara mbili ya igizo. Miaka yangu ya mwanzo niliutumia muda huu kuorodhesha makosa, na wanafunzi wakarudi wiki iliyofuata wamekariri kila hatua; nilipombadilisha mama akawa na kipande cha kondo kilichobaki ndani, waliendelea kukanda tu. Siku hizi husema, "Niliona dakika 3 zikipita kabla hujamwita mwenzako, ulikuwa ukifikiri nini?" Jibu hunionyesha kama tatizo ni maarifa, woga au kumheshimu mkubwa kupita kiasi, na kila moja lina tiba yake. Baada ya hapo igizo lirudiwe siku hiyohiyo.

MASWALI YA WALIMU

Mwalimu, chuo chetu hakina sanamu ya mafunzo. Tufanyeje?
Mwanafunzi mmoja awe mama, avae chini ya kanga mfuko wa maji mekundu wenye mrija wa mpira anaoufungua mwenyewe. Mama anayelalamika na kuuliza hufundisha mengi kuliko plastiki. Sindano zichomwe kwenye sponji, kamwe si kwa mtu.

Darasa langu lina wanafunzi 60.
Wagawe sita sita, na makundi mawili yacheze huku mengine yakitazama na orodha ya hatua mkononi. Anayetazama bila kazi husinzia.

Mwanafunzi wangu aliganda, kisha akalia. Je, nimwache aendelee?
Hapana, simamisha igizo. Huenda alimpoteza ndugu kwa hali hiyo hiyo, ndiyo maana mada hutangazwa mapema na mtu huruhusiwa kubadili nafasi. Zungumza naye faraghani, na mara ijayo aandike muda. Nafasi ya kiongozi ataiomba mwenyewe.